Na ya kutolea: kisa cha tozo ya miamala Tanzania, 2021 hadi 2023

Mtanzania akiomba atumiwe pesa kwa simu, mara nyingi humalizia kwa maneno matatu: "na ya kutolea." Anachotaka ni kwamba anayetuma aongeze kiasi kitakachokatwa wakati wa kutoa kwa wakala, ili elfu ishirini iliyoombwa ifike mkononi ikiwa elfu ishirini kamili. Maneno hayo hayamo katika sheria yoyote ya kodi, wala huyakuti kwenye jedwali la makadirio ya bajeti. Hata hivyo ndiyo yaliyoamua nani hasa alibeba mzigo wa tozo ya miamala, yaani makato ya Serikali kwa kutuma na kutoa pesa kwa simu, ilipoanza tarehe 15 Julai 2021. Pia yanaonyesha mahali ambapo hesabu ya Wizara ya Fedha na malalamiko ya wananchi yalikutana bila kutambuana.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa njia mbili zinazotengana. Wachumi huzungumzia mapato yaliyokadiriwa kupita kiasi, na watu wa mtaani huzungumzia dhuluma. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kosa lilikuwa moja. Serikali ilihesabu miamala ikadhani imehesabu watu wenye uwezo, na dhana hiyo iliharibu makadirio na haki kwa wakati mmoja.

Kilichotungwa

Tarehe 10 Juni 2021 Waziri wa Fedha na Mipango, Mwigulu Nchemba, alisoma bajeti ya 2021/22 bungeni Dodoma. Miongoni mwa hatua za mapato alipendekeza kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ili kila muamala wa kutuma na wa kutoa pesa kwa simu utozwe kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000, kulingana na ukubwa wa muamala. Mapato yaliyotarajiwa yalikuwa takriban shilingi trilioni 1.25 kwa mwaka. Viongozi waliipigia debe kama tozo ya mshikamano: fedha zingekwenda kwenye vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini.

Mambo matatu katika muundo wake yanahitaji kushikwa vizuri, maana yaliyofuata yote yanatoka hapo.

La kwanza, tozo ilikata pande mbili. Aliyetuma alikatwa, na aliyepokea akakatwa tena alipotoa. Kisheria hao ni walipaji wawili. Kwa desturi ya "ya kutolea" ni mlipaji mmoja, naye ni yule mwenye kazi mjini. Wachumi husisitiza kwamba anayeandikwa kwenye sheria si lazima awe anayeumia. Kwa kawaida huonyesha hilo kwa mchoro wa mistari miwili, lakini hapa lilionekana kwenye ujumbe mfupi wa kawaida kutoka kwa mdogo wa mtu aliyeko Sumbawanga.

La pili, tozo ilikuja juu ya ada, haikuchukua nafasi yake. Kampuni za simu ziliendelea kutoza ada zao za kutuma na kutoa, na ndani ya ada hizo tayari mlikuwa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10.

La tatu, viwango vilipangwa kwa ngazi na vilikuwa na kikomo. Anayetuma shilingi milioni 3, akikatwa kiwango cha juu kabisa cha 10,000, analipa theluthi moja ya asilimia moja. Ngazi za katikati, ambako ndiko watu wengi waliko, zilikuwa nzito zaidi ukizilinganisha na kiasi kinachotumwa. Kodi inayopungua uzito kadiri kiasi kinavyokua si jambo geni duniani, ila huwa inahitaji kutetewa. Hii haikupata utetezi wowote mahususi.

Hesabu ya trilioni 1.25

Gawanya trilioni 1.25 kwa miezi kumi na miwili, upate bilioni 104 na ushee kila mwezi. Akaunti za pesa za simu nchini wakati huo zilikuwa zaidi ya milioni 30. Tuchukue milioni 30 kamili: kila akaunti ilitarajiwa kuchangia karibu shilingi 3,500 kwa mwezi, yaani kama 42,000 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo, kwa amri ya mishahara ya 2013 iliyokuwa bado inatumika, kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mtu huyo, wastani ule ni asilimia tatu na nusu ya mshahara kabla hajala. Kumbuka pia kwamba watu wengi wana laini mbili au tatu, kwa hiyo watu ni wachache kuliko akaunti na mzigo wa kila mmoja unazidi hapo.

Hesabu hii inafanyika kwa dakika tano kwenye karatasi. Haihitaji modeli, na ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza. Anayekadiria kodi mpya huanza kwa kugawanya jumla anayoitaka kwa vichwa vitakavyoilipa, halafu anajiuliza kama jibu linafanana na maisha ya watu hao.

Makadirio ya kodi ya aina hii, yakifanywa kikamilifu, yana hatua nne. Unachukua idadi ya miamala ya mwaka uliopita kwa kila ngazi ya kiasi. Unazidisha kila ngazi kwa kiwango chake cha tozo. Unapunguza kile kitakachokwepwa au kusamehewa. Kisha, na hii ndiyo hatua ambayo mara nyingi hurukwa au hufanywa kwa mkono mwepesi, unapunguza miamala ambayo haitafanyika kabisa kwa sababu bei imepanda. Hatua mbili za kwanza ni hesabu ya darasa la sita. Kazi yote iko katika ya nne.

Na katika ya nne kuna mtego wa kuchagua namba ipi iitwe "bei". Tuchukue mfano wa kufundishia, si viwango halisi vya kampuni yoyote: mtu anatuma shilingi 30,000, ada zote za kutuma na kutoa ni 1,000, na tozo za pande zote mbili zikijumlishwa ni 1,000. Afisa wa bajeti anatazama 1,000 juu ya 30,000 na kuona asilimia 3.3, kiasi ambacho mtu angevumilia. Mtumaji hanunui elfu thelathini. Hiyo ni yake tangu mwanzo. Anachonunua ni huduma ya kuifikisha, na huduma hiyo ilikuwa 1,000, sasa ni 2,000. Kwake bei imepanda kwa asilimia 100.

Sasa weka unyumbufu wa mahitaji, yaani asilimia ya miamala inayopungua kwa kila asilimia moja ya bei inayopanda. Tuseme ni nusu, kiwango cha kawaida tu. Kwa macho ya afisa, bei imepanda kwa 3.3, basi miamala itapungua kwa asilimia 1.7 hivi: hakuna tatizo. Kwa macho ya mtumaji, bei imepanda kwa 100, miamala inapungua kwa nusu. Modeli ni ileile, na namba ya unyumbufu ni ileile. Kilichotofautiana ni swali la bei ya nini.

Endelea na mfano huo, maana hasara haiishii hapo. Katika kila ada ya 1,000, VAT ilikuwa kama shilingi 153 na ushuru wa bidhaa kama 77, jumla 230. Miamala 100 ya zamani iliipa Serikali 23,000. Makadirio mepesi yanasema tozo italeta 100,000 zaidi. Miamala ikibaki 50, tozo inaleta 50,000, lakini kodi za zamani zinapungua kwa 11,500. Faida halisi ni 38,500, yaani asilimia 38.5 tu ya kilichoandikwa bajetini. Hapo bado hujagusa kamisheni ya wakala wala kodi ya mapato ya kampuni.

Kilichotokea kweli? Katikati ya Agosti 2021 Waziri alitangaza kwamba wiki nne hivi za kwanza zimekusanya takriban shilingi bilioni 48. Zidisha kwa kumi na tatu: bilioni 630 hivi kwa mwaka, nusu ya lengo, na hiyo ni kwa viwango vya juu kabla havijapunguzwa. Ripoti za fedha za Vodacom za mwaka huo zilitaja tozo kuwa sababu ya M-Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu, kudorora Tanzania. Kwamba nusu hiyo inafanana na nusu ya mfano wetu ni bahati tu, isichukuliwe kuwa ushahidi. Ushahidi ni kwamba mwezi wa kwanza peke yake ulionyesha pengo ambalo hakuna ukaguzi mkali ungeweza kuliziba.

Watu walikokwenda

Modeli ya bei moja humwona mtu akiwa na machaguo mawili, kutuma au kutotuma. Mtumaji ana machaguo zaidi ya hayo, na wengi waliyatumia.

Kuna kukusanya: aliyezoea kutuma 10,000 mara nne kwa mwezi anatuma 40,000 mara moja. Kwa kuwa tozo ilipangwa kwa ngazi, faida au hasara ya kukusanya au kukata vipande ilitegemea ngazi zilivyokaa, na watu waliijua ramani hiyo upesi kuliko walioichora. Kuna kuweka moja kwa moja: badala ya kuweka kwenye simu yako kisha utume, unampa wakala pesa taslimu na namba ya mpokeaji, naye anamwekea yeye. Kuweka hakukuwa na tozo, kwa hiyo upande mmoja wa makato unafutika. Kampuni zinakataza mtindo huu, ila wakala ana sababu zake. Kuna kutotoa kabisa, mpokeaji akalipa dukani kwa namba ya mfanyabiashara, njia ambayo tozo ya mwanzo haikulenga. Na kuna njia ya zamani isiyohitaji mtandao: bahasha kwa dereva au kondakta wa basi, pesa kwa mtu anayekwenda msibani, au kusubiri hadi mtu mwenyewe arudi nyumbani.

Hii ya mwisho ndiyo inayoumiza zaidi, na haina safu yake katika jedwali. Kila muamala unaohamia kwenye bahasha hupunguza kamisheni ya wakala wa kijijini. Wakala huyo huishi kwa kuwa na floti (pesa ya kuhudumia wateja) ya kutosha na wateja wa kutosha. Wateja wakipungua anapunguza floti, floti ikipungua anaanza kusema "leo hakuna pesa, rudi kesho", na mteja aliyetembea kilomita sita harudi kesho. Sasa hata asiyejali tozo anaona huduma imekuwa mbaya. Kupungua kwa mmoja kunampunguza mwingine. Unyumbufu uliopimwa kwa mabadiliko madogo ya ada, wakati mtandao wa mawakala ukiwa mzima, hauwezi kukuambia kitakachotokea mtandao wenyewe ukianza kulegea. Robert Lucas aliandika mwaka 1976, akizungumzia sera za uchumi mkubwa, kwamba mahusiano yaliyopimwa chini ya sera ya zamani hayadumu sera ikibadilika, kwa sababu watu hubadilisha mienendo yao kuifuata. Dodoma wala Dar es Salaam hakuhitajiki kitabu ili kuelewa hilo: ukiweka kizuizi njiani, usitegemee idadi ya magari ya jana.

Kulikuwa na mifano jirani pia. Uganda ilianza kutoza asilimia 1 kwa kuweka, kutuma na kutoa tarehe 1 Julai 2018, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka hadi asilimia 0.5 kwa kutoa tu. Tanzania yenyewe mwaka 2013 ilijaribu ushuru wa asilimia 0.15 kwa pesa inayotumwa ikizidi shilingi 30,000, pamoja na kodi ya laini ya simu ya shilingi 1,000 kwa mwezi. Kodi ya laini ilifutwa kabla haijakomaa, na ushuru ule ukahamishiwa kwenye ada mwaka uliofuata. Baadaye Ghana ilipita njia hiyohiyo: tozo yake ya asilimia 1.5 ilianza Mei 2022 ikitarajiwa kuleta karibu cedi bilioni 6.9 kwa mwaka, na kufikia Julai mwaka huohuo makadirio yalikuwa yamekatwa hadi cedi milioni 611. Ilifutwa mwaka 2025. Nchi tatu, kosa moja, na kila moja ilikuwa na wataalamu wake wazuri. Kwa hiyo jibu si "hawakujua kuhesabu".

Haki

Utetezi wa tozo una nguvu kuliko wapinzani wake wengi walivyokubali, na ni haki kuanza nao. Kodi zote Tanzania wakati huo zilikuwa chini ya asilimia 13 ya pato la taifa. Wafanyakazi wa mshahara wanakatwa PAYE, kodi ya mapato ya mshahara, kabla hawajaiona pesa, na umati mkubwa wa wenye biashara zisizo rasmi hauguswi na kodi yoyote ya mapato. Pesa za simu ni mahali pachache ambapo shughuli za umati huo zinaonekana kwenye kumbukumbu. Kama madarasa yanahitajika, na kukopa kuna mwisho wake, basi kukusanya kidogo kidogo kutoka kwa wengi ni jambo ambalo mtu mwenye nia njema anaweza kulipendekeza. Na vituo vilijengwa: fedha za tozo zilielekezwa kwenye vituo vya afya 234 vya tarafa ambazo hazikuwa navyo, kila kimoja kikianzishiwa shilingi milioni 250, na kwenye kukamilisha maboma ya madarasa kwa shilingi milioni 12.5 kila chumba. Mama anayejifungulia kituo kilichokuwa kilomita arobaini na sasa kiko kilomita nne hana haja ya somo la uchumi.

Ila kulenga fedha kwa kitu fulani kuna utata wake. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567, sawa na shilingi trilioni 1.3, ambao ulijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Namba hizo mbili, trilioni 1.25 na trilioni 1.3, zilikaa karibu kiasi kwamba mtu aliyeona darasa jipya hakuweza kujua analiona kwa tozo au kwa mkopo. Shilingi hazina rangi zikishaingia Hazina.

Lalamiko lililosikika zaidi lilikuwa "tunatozwa mara mbili, mshahara umeshakatwa kodi." Hilo ni dhaifu. VAT nayo hulipwa kwa mshahara uliokwisha kukatwa, na hakuna anayedai ni dhuluma kwa sababu hiyo tu. Lenye nguvu zaidi lilisemwa na wachache: muamala haupimi chochote ambacho kodi ya haki inapaswa kupima. Kodi huweza kufuata kipato, kwa sababu kipato ni uwezo. Huweza kufuata matumizi, kwa sababu mtu anachotumia ni sehemu ya kile anachochukua kwenye jamii. Huweza kufuata mali. Kutuma pesa si kipato, si matumizi na si mali. Ni mwendo tu.

Weka walimu wawili wa daraja moja la mshahara. Mmoja anaishi na wazazi wake Morogoro na kuwapa pesa mkononi. Mwingine amepangiwa kituo Kibondo na kuwatumia kwa simu. Uwezo wao ni sawa, wa pili ana gharama zaidi, na ndiye anayelipa. Kanuni ya zamani kabisa ya kodi, kwamba walio sawa walipe sawa, imevunjwa bila hata kugusa mjadala wa tajiri na maskini. Ndipo jina la mshikamano linapogeuka kejeli, maana kitendo kilichotozwa ndicho mshikamano wenyewe: mtoto kumtumia mzazi, mtu kuchangia msiba, kikundi kukusanya ya harusi.

Kwa mfanyabiashara kuna ubaya wa aina nyingine. Mnunuzi wa mchele aliyeko Dar es Salaam anamtumia dalali aliyeko Ifakara, dalali anawatumia wakulima, wakulima wanatoa. Pesa ileile imekatwa mara tatu, na kila mkono wa ziada katikati unaongeza kodi bila mchele kuongezeka hata punje. Mwenye mtaji mkubwa hukwepa kwa kununua shambani mwenyewe. Peter Diamond na James Mirrlees walionyesha mwaka 1971, chini ya masharti yao, kwamba si busara kutoza mabadilishano ya katikati ya uzalishaji. Toza mwishoni, mlaji anapokula. Mara nyingi nadharia ya kodi na hisia za sokoni hazipatani. Hapa zilikubaliana.

Na hapa ndipo kikomo cha modeli kinapoonekana, hata modeli iliyo nzuri. Ingeweza, kwa data bora, kusema bilioni 600 badala ya 1,250. Ingeweza kusema ni ngazi ipi ya miamala itapungua zaidi. Isingeweza kusema kama shilingi inayokatwa kwa mwalimu wa Kibondo ina uzito sawa na inayokatwa kwa mwagizaji wa magari. Mtu akijumlisha shilingi zote bila kutofautisha zimetoka kwa nani, amekwisha amua kwamba zina uzito sawa. Hakukwepa swali la haki. Amelijibu kimyakimya kisha akaliita jibu lake hesabu. Safu moja tu kwenye jedwali, inayoonyesha tozo kama asilimia ya kipato cha mlipaji badala ya asilimia ya muamala, ingelazimisha swali hilo liulizwe kwa sauti bungeni. Lilikuwa Bunge lenye wapinzani wachache mno, na hilo nalo ni sehemu ya kisa: malalamiko yaliyokosa pa kutolewa Juni yalitolewa Julai, mitandaoni na kwenye foleni za mawakala. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda Mahakama Kuu mwezi huohuo.

Kurudi nyuma, hatua kwa hatua

Kabla ya wiki moja kupita tangu tozo ianze, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza itazamwe upya. Tarehe 31 Agosti ilitangazwa punguzo la asilimia 30, kwa hiyo kilele kikawa 7,000. Punguzo la asilimia sawa kwa kila ngazi ni kukiri kwamba kiwango kilikuwa kikubwa bila kukiri kwamba wigo ulikuwa mbovu. Waliolemewa zaidi waliendelea kulemewa zaidi, ila kwa namba ndogo.

Bajeti ya 2022/23 ilijaribu dawa ya vitabuni: panua wigo, punguza kiwango. Kilele kilishushwa hadi 4,000, na tozo ikaenea kwenye miamala ya kielektroniki ya benki pia. Kwa mantiki ya usawa ilikuwa na maana, kwani mwenye akaunti ya benki hakuwa na sababu ya kusamehewa. Lakini wigo uliopanuliwa ulikuwa uleule mbovu. Mtu alihamisha pesa zake kutoka benki kwenda kwenye simu yake mwenyewe akakatwa, ingawa pesa haikubadilisha mmiliki hata kidogo. Tarehe 20 Septemba 2022 Waziri alirudi bungeni kutangaza kwamba kuanzia Oktoba 1 tozo inafutwa kwa kuhamisha kati ya benki na simu, ndani ya benki moja na kati ya benki na benki, na kwamba kutoa hadi shilingi 30,000 kwenye ATM hakutatozwa. Juni 2023 tozo ya kutuma kwa simu ikafutwa, ikabaki ya kutoa.

Ambaye angetaka kufika hapo bila miaka miwili ya purukushani alikuwa na njia, nayo haikuhitaji fedha nyingi. Kampuni za simu zina kumbukumbu za kila muamala. Takwimu za miezi 24 kwa kila ngazi ya kiasi, bila majina, zingetosha kuona watu walivyoitikia ada zilipopanda au kushuka siku za nyuma. Makadirio yangetolewa kwa namba tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na matumizi ya lazima yakapangwa kwa ile ya chini. Kiwango kingeanza kwa robo ya kilichotakiwa, kwa miezi mitatu, na kanuni yenyewe ikaandikwa kwamba miamala ya ngazi fulani ikishuka kupita asilimia kadhaa, tozo ya ngazi hiyo inasimama yenyewe. Kosa la kawaida katika majaribio ya hivi ni kupima mwezi wa kwanza na kutangaza ushindi. Mwezi wa kwanza una watu ambao bado hawajasikia na wengine ambao bado hawajapata njia nyingine. Mwezi wa nne husema kweli zaidi.

Kilichochukua nafasi yake

Fedha zilizoachwa zilihitaji kupatikana kwingine. Bajeti hiyohiyo ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50.

Kwa mkadiriaji hizi ni kodi za raha. Mafuta hayana mbadala wa haraka, viwanda vya saruji vinahesabika, na anayejenga hawezi kupeleka mchanga peke yake kwa fundi. Makadirio ya namna hii hukaribia kutimia. Kwa kipimo cha haki picha ni ya kuchanganya: mwenye magari matatu anachangia zaidi, na hilo ni jema, lakini dizeli iko ndani ya nauli ya daladala, ndani ya gunia la mahindi, ndani ya kila kitu kinachosafirishwa. Ghadhabu za Julai 2021 hazikurudi.

Tozo ilikuwa na mstari wake kwenye ujumbe mfupi: ada kiasi hiki, makato ya Serikali kiasi hiki. Mtu aliisoma kila alipotuma. Sasa yuleyule aliyekuwa akitumia wazazi pesa anawajengea nyumba. Akinunua mifuko 100 ya saruji, shilingi 100,000 ni za ongezeko hilo, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho bajeti ya 2021 ilitaka kutoka kwenye akaunti yake kwa mwaka mzima, na muuza saruji akimwandikia risiti ataandika bei ya mfuko tu.